Vijiji vya Ruvuma Vilivyojitawala Kabla ya Sheria

Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya chama tawala, TANU, iliamua kukivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake tatu za Kiingereza, RDA. Uamuzi huo uliwashangaza wengi. Miaka miwili tu kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa andiko lake la Ujamaa Vijijini, na kama kulikuwa na mahali nchini ambapo wakulima walikuwa tayari wanaishi yale aliyoyaandika, basi ni katika vijiji vya RDA, kusini kabisa, katika nchi ya Songea. Watu wale walianza bila kuamriwa na mtu, kabla siasa yenyewe ya ujamaa haijatangazwa. Chama tawala kikaichukua siasa, kikawafuta waliokwisha kuitenda.

Kisa chao husimuliwa mara nyingi kama kisa cha kilimo cha pamoja. Ukikifuatilia kwa karibu utaona kuwa jembe lilikuwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili, na ndiyo iliyowaponza, ilikuwa utawala: nani anaamua, anaamulia wapi, na mavuno yakishaingia ghalani nani anashika ufunguo.

Watu wa Songea walikuwa wamezoea kutawaliwa. Wangoni walifika huko katika karne ya 19 wakitokea kusini mwa Afrika, wakaja na utaratibu wao wa nkosi, yaani mfalme, na manduna wake, na wenyeji waliowakuta wakawekwa chini yake. Mwishoni mwa karne hiyo wakaingia Wajerumani, waliotaka kodi na vibarua. Waliowapinga kwa Vita vya Majimaji waliposhindwa, mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60 mjini Songea, Nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwao. Mashamba yalichomwa, maghala yakateketezwa, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko risasi. Waingereza waliopokea nchi baada ya vita vya kwanza vya dunia waliwarudisha machifu mbele na kutawala kwa kujificha nyuma yao, lakini kodi ilibaki palepale, tena ya fedha taslimu. Mwanamume wa Songea asiyekuwa na fedha alikuwa na njia moja iliyojulikana katika kila nyumba, nayo ni kujiandikisha manamba na kwenda kukata mkonge Tanga. Huko nyuma mke alibaki na shamba, watoto na wazee.

Vizazi kadhaa vilikua vikiijua serikali kuwa ni mtu anayekuja. Huja kuhesabu watu, huja kudai, huja kuchukua, kisha huondoka. Hata ushirika wa tumbaku wa Wangoni na Wamatengo, ulioanzishwa miaka ya 1930 na kuwaletea wakulima bei ya uhakika kuliko ya wachuuzi, mkulima wa kawaida aliuona zaidi siku ya mizani na siku ya malipo. Mambo makubwa yaliamuliwa ofisini, mjini.

Mwaka 1960, uhuru ukiwa unanukia, vijana wachache wa TANU katika wilaya ya Songea walijiuliza swali ambalo wanasiasa wengi hawakuwa na muda nalo: bendera ikishabadilishwa, mtu aliyezoea kwenda Tanga atafanya nini? Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Jibu lao lilikuwa kuingia porini na kuanzisha makazi mapya mahali panapoitwa Litowa, walime pamoja na kugawana. Jaribio la kwanza lilikufa mapema. Walifyeka, wakajenga vibanda, lakini hawakuwa na akiba ya kuwafikisha msimu wa mavuno. Chakula kiliisha, wakarudi makwao.

Waliporudi Litowa kwa mara ya pili walikuwa na kanuni waliyoinunua kwa njaa: chakula kwanza. Mahindi na maharage yatangulie, tumbaku ya kuuza ifuate. Ilionekana kanuni ndogo ya jikoni. Baadaye ndiyo iliyowagombanisha na wakubwa, kwa sababu wilaya ilipimwa kwa kilo za tumbaku zilizopita kwenye mizani, wala hapakuwa na ofisa aliyepandishwa cheo kwa sababu watoto wa Litowa wameshiba.

Miaka hiyo ya mwanzo mambo mawili yaliwasaidia. La kwanza ni kwamba Millinga alipata kusoma katika Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na mwaka uliofuata Nyerere akatoa kijitabu chake cha Ujamaa. Kilichokuwa kikifanyika Litowa kwa jembe kikapata maneno ya kujielezea. La pili ni kuja kwa Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, mkadiriaji majengo kwa taaluma, aliyekuwa ameshiriki katika shamba la ushirika la misheni ya St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, ambako Waafrika na Wazungu walifanya kazi pamoja katika nchi iliyokataza hata kukaa pamoja. Alihamia Litowa na mkewe Noreen na watoto wao, wakaishi kijijini. Kazi yake ilikuwa kushauri. Uamuzi ulikuwa wa mkutano.

Habari zikaenea. Mtu alikwenda Litowa kumtembelea ndugu, akarudi kwao na maneno, na mwaka uliofuata familia kadhaa zikaanza kufyeka mahali pengine. Liweta ikazaliwa, Njoomlole ikafuata, na kaskazini, mbali na mji, kwenye njia ya kuelekea Njombe, ikaanza Matetereka. Ilipofika mwaka 1963 vijiji vya mwanzo vilikuwa vimejiunga katika RDA. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini vilikuwa vimefika 17. Hakuna kilichoundwa kwa tangazo. Vijiji vyenyewe vilikuwa vidogo, vya makumi ya familia, na waliona fahari katika udogo huo, kwa sababu mkutano ambao kila mtu anamjua mwenzake kwa jina ni vigumu kuudanganya.

Tuutazame mkutano huo, maana ndio uliokuwa serikali yao. Wanachama wote walikuwa na haki ya kuhudhuria na kusema, wanaume kwa wanawake. Waliwachagua wajumbe wa kamati na meneja wa kijiji kutoka miongoni mwao, na hao walipanga kazi: leo hawa waende kwenye palizi ya mahindi, hawa wafyatue matofali, hawa wabaki na bustani za mboga, fulani na fulani wakalinde nguruwe wasiingie shambani. Meneja naye alishika jembe. Aliyepanga kazi vibaya alisikia habari zake jioni ileile. Mazao yalipouzwa, fedha zilihesabiwa mbele ya watu, na hapo ndipo mjadala ulipokuwa mkali kuliko siku zote: kiasi gani kinunue mbegu na zana za mwaka ujao, kiasi gani kiende kwenye shule na zahanati, na kiasi gani kigawanywe. Vijana walitaka mgawo mkubwa wakanunue baiskeli na redio. Wazee walikumbuka njaa, wakataka akiba. Kura iliyopigwa baada ya mabishano hayo ilikuwa na uzito ambao amri ya bwana shamba haikuwahi kuwa nao, kwa sababu aliyeshindwa kwa kura alikuwa ameshasikilizwa.

Juu ya vijiji ilikaa kamati ya RDA yenye wawakilishi wa kila kijiji. Kulikuwa pia na kundi la wanachama waliojitoa zaidi, waliokubali kutumwa kijiji chochote chenye shida, wakae huko mpaka kijiji kisimame. Kijiji kipya kilichokosa mtu wa kutunza hesabu kiliazimwa mmoja, na chenye ugomvi kilipata mpatanishi. Hivyo elimu ya kujitawala ilisafiri kutoka kijiji hadi kijiji kwa miguu, bila semina.

Maisha ya nyumbani nayo yaliguswa. Mwanamke aliyekuwa akilima kwa jina la mume sasa alihesabiwa mwanachama kamili. Watoto wadogo walitunzwa na kulishwa pamoja mama zao wakiwa shambani, na uji wa pamoja uliwekwa karanga na maziwa kila vilipopatikana, kwa sababu kijiji kilikuwa kimeelewa kwamba vifo vingi vya watoto vilianzia kwenye utapiamlo. Walioishi Litowa wameeleza kuwa hata desturi ya kumpiga mke ilififia, kwani jambo hilo lilitolewa chumbani likaletwa mbele ya wanakijiji, na mwanamume aliyezoea kuambiwa kuwa hayo ni mambo ya ndani akajikuta anatakiwa kujieleza. Pamoja na hayo, walikuwa binadamu. Wavivu walikuwapo, waliojiondoa walikuwapo, na vijiji vingine vilisuasua. Lakini aliyetaka kuondoka aliondoka, na hilo lenyewe liliwalazimu viongozi kuongoza kwa kushawishi.

Shule ya Litowa ndiyo iliyovuta macho ya wengi. Mwalimu mkuu wake, Suleman Toroka, aliiendesha kwa mtazamo kwamba mtoto wa mkulima hasomi ili alikimbie jembe. Watoto kutoka vijiji mbalimbali vya RDA walikwenda kuishi hapo. Walilima chakula chao wenyewe na kushiriki kuamua mambo ya shule yao, na hesabu walijifunza kwa kupima shamba na kugawa mavuno halisi. Mtoto aliyemaliza hapo alitarajiwa kurudi kijijini akiwa anajua zaidi na asiyeona haya kukaa huko. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, watu wa Litowa walisoma mambo ambayo mengi yake watoto wao walikwisha kuyafanya.

RDA haikuishia shambani. Mjini Songea iliendesha kinu cha kusaga nafaka na kiwanda cha kupasua mbao, na vijijini ilijaribu ufundi wa aina kadhaa, pamoja na kusokota na kufuma sufi. Misaada kutoka Ulaya ilisaidia kununua mitambo, na wageni wachache wenye ufundi walikuja kukaa. Msimamo wa RDA ulikuwa uleule wa ghala: mashine ni ya vijiji, faida ni ya vijiji, na vijana wa vijijini wafundishwe kuiendesha. Kwa mara ya kwanza wakulima wa Songea walikuwa na kitu mjini kilicho chao, na gari lililobeba mahindi yao halikuwa la mfanyabiashara wala la serikali.

Nyerere alivipenda vijiji hivyo. Alikwenda kuviona, akawaita Millinga na Ibbott kuzungumza nao, na andiko la Ujamaa Vijijini la Septemba 1967 lina harufu ya Litowa katika kila ukurasa: anzeni kidogo, msilazimishe mtu, wanakijiji waamue wenyewe. Mwezi Oktoba 1968, katika andiko la Uhuru na Maendeleo, alirudia kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe. Machi 1969 ukatoka Waraka wa Rais Namba 1, ulioelekeza vyombo vyote vya serikali vitoe kipaumbele kwa vijiji vya ujamaa.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Waraka uliwapa maofisa wa mikoa kazi mpya ya kuzalisha vijiji vya ujamaa, na kazi ikipimwa kwa idadi, idadi hutafutwa. Mkoani Ruvuma viongozi walitaka vijiji viongezeke haraka. RDA iliona kijiji kisichoanzishwa na wenyewe hakidumu. Viongozi walitaka tumbaku zaidi, RDA ikashikilia chakula kwanza. Baada ya machifu kuondolewa mwaka 1963, mfumo wote wa utawala ulikuwa umepangwa kama ngazi, kutoka kwa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya hadi kwa balozi wa nyumba kumi, na maagizo yalishuka ngazi hiyo kila siku. Vijiji vya RDA havikuwa na nafasi humo. Vilikuwa vitiifu kwa TANU, viongozi wao walikuwa wana TANU tangu ujana, lakini agizo likifika liliwekwa mbele ya mkutano, na mkutano uliweza kuuliza kwa nini. Kwa mkuu aliyezoea kupigiwa makofi, swali hilo lilisikika kama uasi.

Mpaka nao ulikuwa karibu. Ng'ambo ya mto Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vikiwaka tangu 1964, na mwezi Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO iliyopigana vita hivyo, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu. Katika hewa ya namna hiyo, vijiji vyenye wageni wa Kizungu, fedha kutoka nje na msimamo wa kujiamulia viliweza kupakwa rangi yoyote. Azimio la Arusha lilikuwa limewakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha, na wapo waliolipokea shingo upande. Kuona wakulima wakilitekeleza kuliko wao hakukuwafurahisha.

Kamati Kuu ilipokaa, hoja iliyowekwa mbele ilikuwa kwamba vijiji vyote vya ujamaa sasa ni kazi ya chama chenyewe, hivyo chombo kingine cha kuviongoza hakihitajiki. Nyerere hakuizuia hoja hiyo. RDA ikapigwa marufuku. Kinu, kiwanda cha mbao na magari vikachukuliwa. Walimu wa Litowa wakahamishwa huku na huko, shule ikafanywa kama shule nyingine. Akina Ibbott na wageni wengine wakaondoka nchini. Vijiji havikubomolewa na watu walibaki na nyumba zao, lakini mkutano wa kijiji, uliokuwa ukijadili mahindi, mbao, shule na fedha, ukabaki na machache ya kujadili.

Kilichofuata nchi nzima kinajulikana. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 na nafasi yake ikachukuliwa na Madaraka Mikoani, mpango uliopeleka maofisa mikoani na kuwaacha wananchi bila chombo chao cha kuchagua. Mwezi Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni lazima. Operesheni zikapita mkoa kwa mkoa, watu wakapakiwa kwenye malori, nyumba nyingine zikachomwa ili wenyewe wasirudi. Ilipofika mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa katika vijiji zaidi ya 7,000. Wengi walifika mahali pasipo maji, msimu wa kupanda umepita, akiba wameiacha nyuma. Njaa iliyowafunza vijana wa Litowa mwaka 1960 ilikuja kuifunza serikali kwa gharama kubwa zaidi.

Mwaka 1975 Bunge lilipitisha Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa. Ukiisoma bila kujua historia utadhani iliandikwa Litowa: mkutano mkuu wa watu wazima wote, halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 25, kamati za uzalishaji na fedha. Umbo lilikuwapo. Lakini kijiji kilipokea mpango wa ekari kutoka wilayani, kiliuza mazao kwa mamlaka ya serikali kwa bei iliyopangwa mbali, na baada ya miaka michache kikaletewa hata meneja aliyeajiriwa na serikali. Mkutano uliitwa ili kupewa taarifa. Watu walijifunza kunyoosha mkono kukubali na kwenda zao.

Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza kazi upya 1984, na Katiba ikatamka kuwa lengo lake ni kuwapa wananchi madaraka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikwenda hatua moja mbele, ikaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Leo Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, na kwa mujibu wa sheria kila kimoja kina mkutano wenye mamlaka makubwa kuliko mwenyekiti wake. Kila mtu aliyeishi kijijini anajua pia kuwa mikutano mingi haitimizi akidi, na mapato na matumizi husomwa kwa haraka kwa watu wachache waliosimama chini ya mwembe.

Matetereka ilishikilia kazi za pamoja miaka mingi baada ya RDA kuvunjwa, kiasi kwamba mtafiti mmoja wa Edinburgh, David Edwards, alipoandika habari zake mwaka 1998 alikiita kijiji cha mwisho cha ujamaa Tanzania. Haikuwa kwamba watu wake walikuwa wajamaa kuliko wengine. Walikuwa na desturi ya kukaa na kuamua, iliyotangulia amri, na amri ilipopita desturi ikabaki.

Ushahidi mwingine unatoka Kilwa, mbali na Songea na mbali na siasa ya miaka ile. Sheria ya Misitu ya 2002 iliruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu na kuuza mbao zake. Vijiji kama Nanjirinji A vilipoanza kuuza magogo yao kihalali na fedha kuingia kwenye akaunti ya kijiji, wanakijiji walipata jambo la kweli la kuamua, wakajenga majengo ya shule na huduma nyingine kwa fedha zao. Hawakuhitaji kufundishwa uraia. Walihitaji mfuko ulio wao.

Somo la Ruvuma liko hapo. Watu hawasusii mikutano kwa sababu hawapendi kujitawala. Wanaisusia pale ambapo hakuna kilichobaki kuamuliwa. Wakulima wa Litowa walijua hilo kabla ya sheria ya kwanza ya vijiji kuandikwa, na sheria zote zilizofuata zimewapa Watanzania mkutano upesi zaidi kuliko zilivyowapa mfuko.